Je, Treni Lazima Uisikie Kabla Haijakufikia?

Wengi huamini kwamba treni, kwa uzito wake wote, haiwezi kumfikia mtu bila kusikika kwanza. Imani hiyo ina asili yake: kwenye reli za zamani, zilizoungwa kipande kwa kipande, kila gurudumu liligonga kwenye kiungo, na injini ya dizeli ilinguruma tangu mbali. Reli ya kisasa ya Dar es Salaam hadi Dodoma ni tofauti, kwa kuwa vyuma vyake vimechomelewa vikawa kimoja na treni zake huendeshwa kwa umeme. Isitoshe, sehemu kubwa ya mlio wa treni husambaa ubavuni kuliko mbele, ndiyo maana hujaa masikioni wakati behewa la kwanza tayari linakupita.

Hesabu ya mwendo mtu yeyote anaweza kuihakiki: kilomita 160 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu wa treni hizo za umeme, ukigawanya kwa 3.6, ni takriban mita 44 kila sekunde, na hata nusu ya mwendo huo ni mita 22. Ukiwa nyuma ya mstari wa tahadhari jukwaani, bila spika za masikioni, linganisha wakati unapoiona treni na wakati unapoisikia. Siku ya upepo mkali, rudia tena.