Majeruhi wa vita asipoweza kuondolewa: maswali na majibu

Kwa nini majeruhi akae saa nyingi bila kufikishwa hospitali?

Mwaka 2009 Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Robert Gates, aliagiza askari wanaojeruhiwa vibaya nchini Afghanistan wafikishwe kwenye matibabu ndani ya dakika 60, agizo lililotekelezeka kwa kuwa angani Wamarekani hawakuwa na mpinzani. Nchini Ukraine, tangu uvamizi wa Februari 2022, helikopta haziwezi kusogelea mstari wa mbele na droni huwinda hata magari ya wagonjwa, hivyo majeruhi huweza kulala handakini kwa siku kadhaa.

Je, mkanda wa kuzuia damu uachwe umekazwa hadi daktari apatikane?

Hapana, na hapa ndipo viungo vingi hupotea bure. Mkanda uliokazwa kati ya jeraha la mkono au mguu na kiwiliwili huzuia kifo cha dakika chache, lakini misuli iliyonyimwa damu huanza kufa. Mhudumu aliyefunzwa anapaswa kukagua mapema kama bado unahitajika na, ikiwezekana ndani ya saa 2, kutumia badala yake shashi ya kugandisha damu na bandeji ya kukandamiza, mradi majeruhi hana dalili za kuishiwa damu, kiungo hakijakatika, na yupo mtu wa kulitazama jeraha. Mkanda hulegezwa polepole na kubaki mahali pake, tayari kukazwa tena. Ukishapita saa 6 usifunguliwe nje ya hospitali, kwani madini ya potasiamu yaliyojikusanya kwenye misuli yanaweza kusimamisha moyo. Kwa hiyo saa ya kukaza huandikwa papo hapo.

Ipo dawa ya kusaidia damu kuganda?

Ipo asidi ya traneksamiki, ileile wanayopewa akina mama wanaovuja damu baada ya kujifungua. Itolewe ndani ya saa 3 tangu kuumia.

Damu ikishasimama, kazi imekwisha?

Kazi iliyobaki ni uuguzi, ambao mafunzo ya kivita yaliupuuza kwa muda mrefu. Mwili ukipoa damu hushindwa kuganda, kwa hiyo hata wakati wa joto majeruhi avuliwe nguo zilizolowa, atandikiwe kitu chini na kufunikwa. Apewe antibiotiki mapema, ageuzwe kila baada ya saa 2 kuepusha vidonda vya mgandamizo, na mkojo wake upimwe: kwa mtu mzima, ukipungua chini ya mililita 30 kwa saa, huenda maji au damu mwilini havitoshi. Mapigo, pumzi na fahamu viandikwe kila mara, maana daktari anayeshauri kwa redio huamua kwa kufuata mwelekeo wa vipimo hivyo.