Dinari haikutokana na dini na nari

Ipo tafsiri inayopendwa sana ya neno dinari: eti ni dini na nari yameunganishwa. Aliyeipata kwa haki, ni dini yake. Aliyeidhulumu, ni nari, yaani moto. Usemi huu ni wa kale, umo hata katika vitabu vya tafsiri ya Kurani, na kama mawaidha unapendeza. Kama asili ya neno, hausimami. Wanaisimu wa Kiarabu wenyewe waliliweka zamani miongoni mwa maneno ya kigeni.

Lilianza Roma. Denarius ilikuwa sarafu ya fedha iliyotolewa mnamo 211 K.K., na jina lake linatokana na kumi, kwa kuwa ilihesabiwa sawa na sarafu 10 za shaba zilizoitwa as. (Baadaye zikawa 16, jina halikubadilika.) Wagiriki wakasema denarion, Kiaramu kikalichukua, likawafikia Waarabu kabla ya Uislamu. Kurani inalitaja katika sura ya Aal Imran, aya ya 75, wakati sarafu ya dhahabu iliyotumika ilikuwa bado ya Bizanti, yaani dola ya Roma ya Mashariki. Khalifa Abd al-Malik ndiye aliyetoa dinari ya maandishi matupu, bila picha, mwaka 77 wa Hijria, uzani wake takriban gramu 4.25.

Wengi hukwama hapa: dinari ya Biblia, ule ujira wa kutwa katika shamba la mizabibu, ni ya fedha, ya Waarabu ni ya dhahabu. Sarafu yao ya fedha ni dirhamu, nayo ni drakhme ya Kigiriki.