Kofia ya jino: mambo ya kujua kabla hujakaa kwenye kiti cha daktari

Gego likishatibiwa mzizi, yaani kiini chake kilichoharibika kikiondolewa na nafasi yake kuzibwa, huacha kuuma, na hapo ndipo wagonjwa wengi wanapolisahau. Dawa ya kuziba ya muda inaisha taratibu, kuta nyembamba zilizobaki zinabeba mzigo wote wa kutafuna, na siku moja kijiwe kwenye wali au punje ya mahindi ya kuchoma inalipasua. Ufa ukishuka chini ya fizi hadi kwenye mzizi, kwa kawaida jino hilo haliokoki tena, linang'olewa. Kofia huwekwa ili kuzuia hasara hiyo. Ndiyo maana mgonjwa aliyetibiwa mzizi wa gego asihesabu kwamba amemaliza matibabu kwa sababu tu maumivu yameisha.

Kofia ni gamba gumu linalotengenezwa kwa kipimo cha jino lako na kulifunika lote mpaka usawa wa fizi. Mbali na jino lililotibiwa mzizi, huvishwa pia jino lililozibwa sehemu kubwa, lililomeguka au lililosagika sana. Jino lenye tundu dogo linazibwa, basi. Tunasisitiza hili kwa sababu ili kuweka kofia ni lazima jino lisagwe, na kilichosagwa hakioti tena. Usikubali jino lenye afya lisagwe kwa ajili ya urembo peke yake.

Kabla ya yote utapigwa eksirei. Daktari anatazama kama mzizi una usaha na kama mfupa unaoshikilia jino uko imara. Kisha anapima jino lililobaki: juu ya fizi panahitajika walau milimita 2 za jino lililo imara, kuzunguka pande zote. Zikipungua, kofia haina pa kushika na itang'oka pamoja na kilichojazwa ndani. Wakati mwingine fizi hupunguzwa kidogo ili jino lijitokeze, au huwekwa nguzo ndani ya mzizi ili kushikilia kijazio. Nguzo haiongezi nguvu za mzizi wenyewe. Daktari akikueleza kwamba jino halifai kuvishwa kofia, mwamini, amekuokolea fedha.

Siku ya kwanza njoo umekula. Mweleze daktari kama una kisukari, shinikizo la damu, ujauzito, mzio wa dawa yoyote, au unatumia dawa za kuyeyusha damu. Usiziache dawa hizo kwa uamuzi wako mwenyewe. Rangi ya kofia huchaguliwa kabla ya kusaga, ikiwezekana kwa mwanga wa dirishani, kwa sababu jino likikaa wazi na kukauka huonekana jeupe kuliko lilivyo. Baada ya sindano ya ganzi, jino husagwa kwa mashine inayorusha maji: milimita 1.5 hadi 2 upande wa kutafunia, na 1 hadi 1.5 pembeni. Kofia ya kauri huhitaji nafasi zaidi kuliko ya metali. Utasikia mtikisiko na kelele, lakini maumivu hapana. Ukiyasikia, inua mkono, ganzi itaongezwa.

Kisha uzi mwembamba unapachikwa kati ya fizi na jino ili ukingo uonekane vizuri, na kipimo kinachukuliwa kwa dawa laini inayogandia mdomoni kwa dakika chache. Vuta pumzi kwa pua na inamisha kichwa mbele kidogo ukihisi kichefuchefu. Baadhi ya kliniki hutumia kamera badala ya dawa hiyo. Unaondoka na kofia ya muda. Usile mpaka ganzi iishe, yaani saa 2 hadi 4, usije ukajing'ata mdomo au ulimi.

Kofia ya kudumu hutengenezwa maabara, mara nyingi kwa wiki 1 au 2. Anayetoka mbali, kama Makete, Ludewa au Chunya, na apige simu kwanza kuhakikisha imefika, kabla ya kulipa nauli. Lakini asikae miezi. Gundi ya kofia ya muda ni dhaifu. Ikitoka na kuachwa hivyo, meno ya jirani husogea, fizi hupanda, na kofia iliyotengenezwa haiingii tena. Katika siku hizo tafunia upande mwingine, acha miwa na pipi za kunata, na unaposafisha kwa uzi uchomoe kwa pembeni, usiuvute juu.

Siku utakaporudi, kofia hujaribiwa kabla ya kubandikwa. Omba kioo. Uma meno kwenye karatasi ya rangi, sema wazi kama kofia inagusa kabla ya meno mengine. Usiseme "nitaizoea". Kofia iliyo juu kidogo tu hufanya jino liume kila unapotafuna, na kauri yake inaweza kumeguka. Ganzi ikiisha ukagundua bado iko juu, rudi. Kuisawazisha ni kazi ya dakika chache.

Jino ambalo mzizi wake haujatibiwa linaweza kusisimka kwa chai ya moto au hewa baridi kwa siku kadhaa, na baridi ya Juni na Julai huku kwetu Nyanda za Juu Kusini huzidisha hali hiyo. Hilo hupungua lenyewe. Maumivu yanayokuamsha usiku, uvimbe au usaha hayasubiri: huenda kiini cha jino kinakufa na mzizi unahitaji matibabu.

Kofia haiozi, ila jino lililo chini yake linaoza, na uozo huanzia pale kofia inapokutana na fizi. Hapo ndipo kofia nyingi zinapopotelea. Lenga mswaki kwenye mpaka huo, umeulaza mshazari kuelekea fizi, mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, na pitisha uzi kila usiku. Kofia inayotunzwa hivyo mara nyingi hudumu miaka 10 hadi 15, na wengine huenda nayo zaidi. Anayesaga meno usingizini atahitaji kinga ya plastiki ya kuvaa usiku.

Wapo pia mafundi wa mitaani wanaobandika kofia za rangi ya dhahabu bila eksirei wala kipimo. Ukingo wake huacha mwanya, chakula kinajaa humo, jino linaozea ndani bila kuonekana. Tibiwa na daktari wa meno aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na uulize mapema kama bei inajumuisha kijazio, kofia ya muda na marekebisho.

Kofia ikitoka, ioshe, iweke kwenye kichupa, uje nayo ndani ya siku chache. Usiibandike kwa gundi ya dukani, na usilale nayo ikiwa imelegea. Ukiimeza, mara nyingi hutoka yenyewe kwa haja kubwa. Lakini ikiwa imepotea na umeanza kukohoa au kupumua kwa shida, nenda hospitali papo hapo, kwa kuwa huenda imeingia kwenye njia ya hewa.