Kabla hujafunga shokapu nene ya stelingi

Mzee mmoja aliniletea pikapu yake akiwa na boksi mkononi. Ndani mlikuwa na shokapu mpya ya stelingi, unene wake karibu mara mbili ya ile iliyokuwa chini ya gari. “Fundi, nifungie hii tu,” akaniambia. “Gari limekataa kunyooka. Nikifika kilomita 80 kwa saa, ni kupigana na usukani mpaka mwisho wa safari.”

Sikuifunga siku hiyo. Nilimwomba aniache nilikague gari kwanza. Maombi ya namna yake nayapata mara kwa mara, na kila mara narudi kwenye maelezo yale yale, kwa hiyo leo nimeona niyaandike. Shokapu ya stelingi hupambana na kasi ya mtikisiko. Gari linaelekea wapi, hilo haina habari nalo.

Ndani yake mna pistoni yenye matundu madogo, inayotembea kwenye silinda iliyojaa oili. Upande mmoja hufungwa kwenye chesisi au ekseli, upande wa pili kwenye tairodi, ile fimbo inayounganisha matairi mawili ya mbele, au dragi linki, ile inayoleta mwendo kutoka stelingi boksi. Tairi likiingia shimoni, tairodi hurushwa ghafla na pistoni hulazimika kuipitisha oili kwenye yale matundu. Oili haipendi kuharakishwa: kadiri unavyoisukuma kwa kasi ndivyo inavyokaza. Chukua shokapu nzima, ishike mezani, ivute kwa nguvu ghafla. Mkono utasimama. Ivute taratibu, inakuja yenyewe.

Sasa liangalie gari linalopepesuka. Linalalia kushoto kwa sekunde moja au mbili, unalirudisha. Linalalia kulia, unalirudisha tena. Mwendo huo ni wa polepole mno, na shokapu inauacha upite kama mlinzi aliyesinzia getini. Ule mtetemo wa usukani mkononi, tairi likitikisika mara kadhaa au hata kumi kwa sekunde moja, ndio shokapu inaumudu. Ndiyo maana utaikuta kwenye magari yenye ekseli nzima mbele, yaani chuma kimoja kinachounganisha matairi mawili, kama Land Cruiser za 70, Land Rover Defender za zamani na Jeep Wrangler, na pia kwenye pikipiki nyingi za mwendo kasi. Hata Volkswagen Beetle, gari dogo namna ile, ilikuwa nayo.

Shokapu nene ina tatizo lingine linalonisumbua zaidi. Inaficha. Jointi iliyolegea inatikisika, dereva anahisi, anakuja gereji. Ukiweka shokapu ngumu, mtikisiko unapungua, dereva anatulia, na jointi inaendelea kulika kimyakimya. Siku atakapokanyaga kiungio cha daraja kwa kasi, ekseli yote itaanza kutetemeka kwa nguvu ambayo shokapu yoyote haiwezi kuizuia. Nimewahi kukaa ndani ya gari likifanya hivyo. Dereva hana la kufanya zaidi ya kushika usukani imara, kuachia mafuta na kupunguza mwendo hadi litulie.

Kwa hiyo huanza na vitu vya bure. Upepo wa matairi, ukipimwa asubuhi gari likiwa baridi, kwa kipimo kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Matairi mawili ya mbele yawe ya aina moja na yamelika sawasawa. Tairi la matope lenye meno marefu hujipinda likiwa lamini, na likiwa na upepo pungufu hujipinda zaidi. Gari litaonekana limeharibika stelingi kumbe ni mpira tu.

Kinachofuata ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na hakihitaji mashine. Gari liwe chini kwenye matairi yake, breki ya mkono imevutwa, vigingi nyuma ya matairi, injini inawaka. Mtu mmoja akae kwenye usukani auzungushe kushoto na kulia kidogokidogo, kwa haraka, bila kupumzika. Wewe uko chini na tochi. Usiangalie kila kitu kwa pamoja. Chagua jointi moja, itazame mpaka uridhike, ndipo uhamie nyingine. Unatafuta mahali ambapo kipande kimoja kinasogea na jirani yake amebaki. Unaweza kuweka kidole juu ya maungio ya jointi ili uhisi ule mgongano mdogo ambao jicho halioni, lakini kamwe usiingize mkono katikati ya vyuma vinavyotembea.

Kwenye pikapu ya mzee, tairodi endi zote, yaani jointi za ncha za tairodi, zilikuwa nzima. Stelingi boksi, lile boksi la meno linalopokea mzunguko wa usukani, ilikuwa imekaza vizuri kwenye chesisi. Nilipofika kwenye panadi rodi, ile fimbo ndefu inayozuia ekseli isihame pembeni, nikaona bolti ya upande wa chesisi ikiruka ndani ya tundu lake. Tundu lilikuwa limekuwa yai. Kila usukani ulipogeuka, ekseli nzima ilisukumwa pembeni kwanza, kama milimita 3 hivi, ndipo matairi yakaanza kugeuka. Pembeni ya nati palikuwa na vumbi jekundu la kutu lililosagwa laini kama unga. Ukiona unga huo mahali popote kwenye stelingi, hapo chuma kinasuguana na chuma.

Kukaza bolti kwenye tundu lililokuwa yai hakusaidii. Unakaza leo, wiki ijayo imeachia. Tulichomelea bamba lenye tundu la kipimo sahihi, tukaweka bolti mpya na bushi mpya, ile pete ya mpira inayopitisha bolti.

Hapo nusu ya ugonjwa iliondoka. Nusu nyingine ilikuwa kasta.

Kasta ni ule mlalo wa kwenda nyuma wa mhimili ambao tairi hugeukia. Angalia gurudumu dogo la mbele la toroli: mguu wake umetangulia, gurudumu linafuata nyuma, na ukisukuma toroli linajinyoosha lenyewe. Kwenye gari ni hivyo hivyo. Mhimili ukilala nyuma, mstari wake hugusa ardhi mbele ya mahali tairi linapokanyaga, na tairi likikokotwa hujirudisha katikati. Ukiupoteza mlalo huo, hakuna kinacholirudisha tairi ila mikono yako.

Na watu wanaupoteza kwa kuinua gari. Pikapu ya mzee ilikuwa imeinuliwa sentimita 5 kwa springi ndefu. Kwenye ekseli iliyoshikwa na mikono miwili mirefu ya chuma inayoelekea nyuma, mkono wa mita 1 ukishushwa sentimita 5 mbele huinama karibu nyuzi 3, na ekseli iliyobanwa nao inazunguka pamoja nao. Magari mengi ya namna hii hutoka kiwandani na nyuzi 3 hadi 5 tu. Piga hesabu uone kinachobaki. Mashine ya alaimenti, inayopima pembe za matairi, ilitupa chini ya nyuzi 1. Tuliweka bushi za kurekebisha kasta, zile ambazo tundu lake haliko katikati, tukarudi kwenye nyuzi 3 na nusu. Kwa gari la springi za majani, dawa ni kabari za chuma kati ya springi na ekseli. Wakati huo huo tukahakikisha matairi ya mbele yanatazamana ndani kidogo sana, ndani ya kipimo cha kitabu cha gari. Yakitazama nje, gari litatangatanga hata kama kila jointi ni mpya.

Mzee akalichukua akalijaribu. Aliporudi alikuwa na mkono mmoja kwenye usukani. Shokapu yake bado ilikuwa ndani ya boksi.

Kuna hali moja inayowachanganya hata mafundi wazoefu, nayo ni stelingi iliyokaza kupita kiasi. Mtu anaona usukani unacheza, anafungua nati ya juu ya stelingi boksi na kukaza skrubu ya marekebisho mpaka mchezo uishe. Sasa meno ya ndani yanabanana. Usukani ukigeuzwa kidogo unabaki pale pale, haurudi, na dereva inabidi aurudishe mwenyewe, anapitiliza, anarudisha tena. Boli jointi kavu au beringi za kingpini, ule mhimili ambao tairi hugeukia, zilizobanwa mno hufanya vile vile. Huko nako ni kupepesuka, ila kumetokana na ukavu, wala si ulegevu. Gari la namna hiyo ukiliwekea shokapu ngumu, umelizidishia ugonjwa. Namna ya kujua: kata kona kwa mwendo wa taratibu mahali peupe, kisha legeza vidole. Usukani mzima hurudi katikati wenyewe.

Basi ni lini shokapu nzuri ina faida? Gari likiwa zima, na wewe umeweka matairi makubwa na mazito, au unapita sana barabara za vumbi zenye mawimbi, au unaingia mashimo yanayokupiga dole gumba kwenye usukani. Ile ya zamani ikiwa imelowa oili, fimbo ya pistoni imepinda, au ukiivuta na kuisukuma kwa mkono unakuta pengo lisilo na ukinzani wowote kabla haijashika, hiyo imekufa na ibadilishwe bila mjadala.

Katika kuchagua, unene ni jambo la mwisho kwangu. La kwanza ni urefu. Kata usukani mpaka mwisho kushoto, pima umbali kati ya vishikio viwili. Kata mpaka mwisho kulia, pima tena. Shokapu ikifungwa kabisa iwe fupi kuliko kipimo kidogo, na ikivutwa kabisa iwe ndefu kuliko kipimo kikubwa, na ibaki akiba ya sentimita 1 kila upande. Shokapu inayofika mwisho kabla ya stelingi hugeuka kuwa kizuizi, na siku moja itapinda fimbo au kung'oa kishikio.

La pili ni gesi. Ikandamize fimbo mpaka ndani, kisha iachie. Ikitoka yenyewe, ina gesi yenye mgandamizo. Fimbo yenye kipenyo cha milimita 16 ina eneo la sentimita mraba 2 hivi. Gesi yenye mgandamizo wa baa 10 itaisukuma kwa nguvu ya kilo 20 hivi, muda wote, upande mmoja. Wapo waliobadilisha shokapu wakaanza kulalamika kwamba gari linavuta upande, wakarudia alaimenti mara tatu. Chanzo kilikuwa hicho. Kwa gari la kawaida napendelea ile ambayo fimbo yake hukaa pale unapoiacha.

Wengine huchukua shokapu ya kawaida ya springi na kuilaza. Tafadhali msifanye hivyo. Nyingi kati ya hizo zimetengenezwa zisimame wima. Ukizilaza, hewa ya kwenye hifadhi huingia upande wa oili na linazaliwa lile pengo nililolitaja. Tena huwa ngumu zaidi zikivutwa kuliko zikisukumwa, wakati stelingi inataka ukinzani wa kulingana pande zote mbili. Zile zenye springi ya kurudisha usukani katikati siziungi mkono kama dawa ya kupepesuka: springi inafanya kazi ambayo kasta imeacha kuifanya, na ikifungwa nje ya katikati kidogo tu, inavuta gari. Na shokapu mbili kwa gari moja? Kwa matumizi ya wengi wetu, moja nzima inatosha.

Kufunga si kazi kubwa, ila ina mambo yake. Pini ya zamani yenye umbo la koni usiipigie nyundo kwa juu. Legeza nati, kisha gonga ubavu wa jicho lililoishika kwa nyundo mbili kwa pamoja, moja ikiwa egemeo. Itaruka yenyewe. Koni mpya iingie safi na kavu, bila grisi. Ukikaza nati na tundu la pini ya kufungia halijalingana, kaza mbele kidogo mpaka lilingane. Kurudisha nyuma ni kuanza kulegeza ulichokaza. Bolti inayopita kwenye bushi ikazwe matairi yakiwa yamenyooka, la sivyo mpira unabaki umesokotwa. Kabla ya kufunga, ilaze shokapu jinsi itakavyokaa kwenye gari, uivute na kuisukuma mara tano au sita mpaka ukinzani uwe sawa mwanzo hadi mwisho.

Kisha kata usukani mpaka mwisho kila upande, mtu mwingine akitazama kama shokapu haigusi tairi, springi wala tumbo la difu. Rudia ekseli ikiwa imening'inia kwenye jeki, maana nafasi hubadilika.

Yule mzee nilimfungia yake wiki mbili baadaye, baada ya kuipima urefu na kuona inafaa. Aliniambia tofauti anaihisi kwenye mashimo tu. Barabara iliyonyooka ni ile ile aliyoizoea tangu tulipotengeneza panadi rodi. Kishikio cha shokapu hiyo kimebana tairodi kwa yu-bolti, bolti yenye umbo la U, na vishikio vya aina hiyo huteleza polepole bila mtu kujua. Nilichora mstari wa rangi nyeupe uliopita juu ya kishikio na tairodi kwa pamoja. Kila akija kubadilisha oili, kitu cha kwanza ninachomulika na tochi ni mstari huo, kuona kama bado umeungana.