Sisimizi si kipimo cha kisukari
Hapa Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Igombe, wengi tumekua tukisikia hivi: kojoa chini, usubiri. Sisimizi wakijaa una kisukari. Wasipokuja, u mzima. Hiyo nusu ya pili inaumiza watu.

Figo huirudisha sukari kwenye damu, na kwa kawaida huanza kuiachia kwenye mkojo pale tu inapozidi takriban milimoli 10 kwa lita ya damu. Lakini kisukari huhesabiwa sukari ikifika milimoli 7 kwa lita, ikipimwa asubuhi kabla ya kula, kipimo kikirudiwa na kuthibitisha. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa mgonjwa kabisa na sisimizi wasimjali, huku mishipa yake ikiharibika kimyakimya.

Mishipa ya fahamu ya kibofu ikiguswa, unakojoa bila kumaliza, na mkojo unaobaki unaleta UTI za mara kwa mara. Kwa mwanamume, damu haifiki vizuri inakotakiwa na nguvu za kiume hupungua. Inanisikitisha kuona mvuvi mzima akimaliza pesa za dagaa kwa waganga, akiamini amefungwa, wakati hajawahi kupimwa sukari hata mara moja. Mwanamke naye hupata ukavu, maumivu wakati wa tendo, na fangasi wanaorudi kila wakitibiwa.

Kuchomwa kidole ni dakika chache tu. Nenda kabla ya chai, na mambo ya chumbani mweleze daktari bila kuficha, yana matibabu.