Pesa za supakaa haziko kwenye kasi

Katika kazi yangu ya kuthamini magari ya kifahari, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: supakaa, yaani gari la kifahari lililoundwa kwa kasi kubwa, inawezaje kuuzwa zaidi ya dola milioni 10? Anayeuliza mara nyingi ameshajijibu moyoni kwamba ni kasi. Hapo ndipo wengi wanapopotea, na magari yenyewe yanatosha kuwa ushahidi.

Chukua Bugatti La Voiture Noire, lililoonyeshwa Geneva mwaka 2019. Liliundwa moja tu, kwa kuikumbuka Bugatti Atlantic nyeusi ya miaka ya 1930 iliyopotea wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Bei yake ilikuwa yuro milioni 11 kabla ya kodi. Lakini injini yake ni ileile ya Bugatti Chiron: lita 8, silinda 16 zilizopangwa kwa umbo la W, turbo nne, nguvu za farasi 1,500. Na Chiron ilipotoka mwaka 2016 iliuzwa karibu yuro milioni 2.4 kabla ya kodi. Injini ni moja, nguvu ni zilezile, bei imepanda zaidi ya mara nne. Mnunuzi alilipia bodi iliyochorwa upya kwa ajili yake peke yake, na hakuna mwingine wa kuchangia naye gharama hiyo.

Hesabu ya kuchangia gharama ndiyo msingi wa biashara hii yote. Kiwanda cha magari ya kawaida hutumia fedha nyingi sana kubuni modeli moja, kisha huzigawa kwa magari laki kadhaa. Bugatti walijiwekea kikomo cha Chiron 500. Koenigsegg wa Uswidi walitangaza Jesko 125. Pagani Huayra ya kwanza ilikuwa 100 tu. Gari linalotaka kuingia barabarani kihalali lazima lipimwe moshi, breki na taa, na katika nchi nyingi lazima ligongeshwe ukutani kuona kama abiria watapona. Vipimo hivyo havipunguzwi bei eti kwa sababu magari ni machache.

Sisemi kwamba uhandisi wa kasi ni rahisi. Pale Chiron pesa ilitumika haswa. Injini yake ikikanyagwa hadi mwisho hufyonza lita 60,000 za hewa kwa dakika, na pampu husukuma lita 800 za maji kwa dakika ili isiyeyuke. Rejeta zake ni kumi. Kila ukiongeza kasi kidogo, upinzani wa hewa unaongezeka mara nyingi zaidi, kwa hiyo kilomita chache za mwisho ndizo zinazokula bajeti. Mwaka 2019, kwenye uwanja wa majaribio wa Ehra-Lessien nchini Ujerumani, Chiron iliyofanyiwa marekebisho na kuendeshwa na Andy Wallace ilifika kilomita 490.48 kwa saa. Ni kazi ya kuvuliwa kofia. Hata hivyo, hilo halikuifanya Chiron kuwa ghali kuliko La Voiture Noire, ambayo injini yake ni ileile.

Kitu kinachonifurahisha zaidi kuliko injini ni kazi ya nyuzi za kaboni, ambazo bodi za magari haya hutengenezwa kwazo. Nyuzi hizi hufika kiwandani zikiwa kitambaa kilichokwisha kulowekwa rezini, gundi inayogeuka ngumu ikipashwa joto, na hukaa kwenye friza ili rezini isianze kuganda. Fundi hukikata kitambaa, hukilaza kwenye kalibu tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likielekezwa upande wake kulingana na mzigo ambao sehemu hiyo itabeba. Kalibu hufungwa ndani ya mfuko, hewa yote hunyonywa, kisha huingizwa kwenye tanuri lenye joto na shinikizo kubwa. Kipovu kimoja kikibaki katikati ya tabaka, sehemu hiyo ni dhaifu na hutupwa.

Nikikuta Pagani ambayo bodi yake imeachwa bila rangi, huinama kwanza kwenye mstari wa katikati wa boneti. Nyuzi za kushoto na za kulia zinatakiwa kukutana hapo ncha kwa ncha, kwa umbo la V, kama fundi cherehani anavyolinganisha mistari ya kitambaa kwenye mshono. Naufuata mstari huo kwa kidole mpaka kwenye kioo, kisha natazama ungio la mlango: michirizi inayoanzia kwenye mlango inapaswa kuendelea kwenye bodi bila kuruka hata uzi mmoja. Horacio Pagani, Muargentina aliyejifunzia kaboni Lamborghini kabla ya kufungua kiwanda chake karibu na Modena, Italia, ameijenga sifa yake hapo. Rangi ingeficha kila kosa; yeye anauza gari ambalo kosa lake lingeonekana na mtu yeyote.

Ukitoka kwenye supakaa kidogo, mambo yanazidi kuwa wazi. Rolls-Royce La Rose Noire Droptail ya mwaka 2023 inatajwa kuwa na thamani ya zaidi ya dola milioni 25, na si gari la mashindano hata kidogo. Ndani yake mna pambo la mbao lililoundwa kwa vipande 1,603, vilivyopangwa kwa mkono kimoja kimoja. Hapo kinachonunuliwa ni muda wa fundi.

Halafu kuna magari ambayo thamani yake haitoki tena kiwandani. McLaren F1 iliuzwa karibu pauni 540,000 ikiwa mpya miaka ya 1990. Ziliundwa 106 tu, na chumba cha injini kilipambwa kwa karatasi ya dhahabu kwa sababu dhahabu hurudisha joto vizuri. Mwaka 2021 mojawapo ilinunuliwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 20. Ferrari 250 GTO, moja kati ya 36, iliuzwa New York Novemba 2023 kwa dola milioni 51.7.

Juu ya yote yapo Mercedes-Benz 300 SLR Uhlenhaut Coupé. Yaliundwa mawili mwaka 1955. Baada ya ajali kwenye mashindano ya magari ya Le Mans, Ufaransa, mwaka huohuo, iliyoua watu zaidi ya 80, Mercedes walijitoa kwenye mashindano, na magari hayo hayakuwahi kushindana. Mhandisi Rudolf Uhlenhaut akawa anaendesha mojawapo kwenda kazini. Mei 2022 moja liliuzwa kwa yuro milioni 135. Supakaa nyingi za leo zingelipita kwa kasi.

Kwa hiyo nikiitwa kuthamini gari la namna hii, huomba kwanza namba ya chesisi, namba ya injini na kumbukumbu za kiwanda, na kuhakikisha zote tatu zinakubaliana. Injini iliyobadilishwa inaweza kuwa nzima kabisa na yenye nguvu zaidi, na bado ikapunguza mamilioni kwenye bei.