Eti mwanaume ni wa kuua simba?

Jumamosi tulikuwa Burma, lile soko la nyama la Nairobi, tunangoja choma, jamaa mmoja ameshika mfupa mkononi anatuambia wanaume wa siku hizi ni walaini, zamani hakuna mtu angekuita mwanaume kama hujaua simba. Meza yote ikaitikia. Huyo jamaa kuku wake wa Krismasi huchinjiwa na jirani, lakini tuwache hiyo.

Dhana: Mmaasai hawi mwanaume bila simba.

Ukweli: kinachomfanya kijana awe morani, yaani shujaa wa Kimaasai, ni tohara pamoja na rika lake. Simba ilikuwa sifa ya juu yake tu. Na si ati ni mtu mmoja na mkuki wake vile watu husimulia, olamayio, yaani huo uwindaji wa simba, ilikuwa ya kundi, wanamzingira simba wote, halafu anayemdunga wa kwanza ndiye sifa inamwendea. Wengine wote walirudi nyumbani wanaume vile vile. Halafu Kenya ilipiga uwindaji marufuku 1977, na kuanzia 2012 morani wa pande za Amboseli wanakutana Kimana, badala ya kuwinda simba, kushindana kurusha mkuki na rungu, kuruka juu, mbio za mita 200, 800 na 5,000, na manyatta (kijiji cha morani) inayoshinda inaenda na fahali. Hapo mimi naona uanaume wa maana zaidi, jaribu tu hiyo 800 kwa jua la Kimana.

Dhana: kuwinda ni kazi ya wanaume tangu dunia iumbwe.

Ukweli: Peru kuna kaburi la miaka kama 9,000, watafiti walitangaza habari zake 2020, ndani kuna msichana wa miaka 17 hadi 19 amezikwa na ncha za mawe za kuwindia. Na kule Ufilipino wanawake wa Kiagta wamewinda nguruwe mwitu kwa upinde na mbwa, watu wamewaona, si hadithi.

Dhana: mwindaji ndiye alilisha familia.

Ukweli: waangalie Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, Tanzania. Mwanaume anatoka na upinde asubuhi na siku nyingi anarudi bila mnyama mkubwa, pengine na asali ama ndege. Viazi pori, matunda na ubuyu wanaleta sana wanawake, na hiyo chakula haikosi.

Jamaa akaguna, akasema basi hata ugali tuwape wanawake. Ugali wenyewe ulikuwa umesongwa na mama wa jikoni hapo nyuma yake, alikuwa anasikia kila kitu.